Siku Ng'ombe wa Mahari Alipopita Mbele ya Jukwaa

Ng'ombe akilala katikati ya barabara kuu ya Bukavu, siku ya sherehe ya Chama, na wewe umekatazwa kumgusa kwa fimbo, utamwinuaje?

Babu aliniuliza hivyo asubuhi ya Jumamosi moja, miaka ile nchi yetu ilipokuwa ikiitwa Zaïre. Alikuwa ameinama akimtazama ng'ombe machoni kama daktari. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, na kwa maoni yake msichana aliyefika mwaka wa pili lazima alikuwa amekwisha kusoma habari za ng'ombe.

"Weye unasomaka vitabu usiku na muchana," alisema. "Basi sema. Huyu tutamuamusha namna gani?"

Nilikuwa na maoni juu ya karibu kila kitu wakati ule. Juu ya Mungu, juu ya Chama, juu ya mahari, juu ya sababu inayowafanya wanaume wa Kadutu wapande mlima mikono mitupu huku wake zao wakipanda na gunia la makaa mgongoni. Wenzangu chuoni walikuwa wananikimbia wakati wa chakula. Lakini juu ya ng'ombe aliyelala sikuwa na maoni yoyote.

Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa baba mdogo, kitinda mimba wa babu. Baba mdogo alikuwa amependa msichana wa Nyantende. Alimsikia kabla ya kumwona: siku moja sokoni Kadutu, upande wa wauza maharage, kilitoka kicheko kikubwa mno, kicheko cha mtu aliyeangushiwa furaha kichwani, na baba mdogo akaacha alichokuwa ananunua akazunguka soko zima akikitafuta. Alikipata. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kwenda Nyantende kila Jumapili kwa miguu na kurudi na matope hadi magotini, akitabasamu peke yake kama aliyekunywa.

Baba wa msichana alivumilia matope hayo zaidi ya mwaka mzima. Halafu akatokea mfanyabiashara wa mpunga kutoka Sange, mtu mwenye camionnette, gari dogo la mizigo, aliyeshusha magunia mawili ya mchele mlangoni kwa mkwe kama salamu tu. Baba wa msichana akatuma neno Kadutu: Jumamosi hii wazee wangu watakaa. Wakimwona ng'ombe, binti ni wenu. Jua likianza kushuka kabla hawajamwona, Jumatatu nawapokea watu wa Sange.

Ndiyo maana baba mdogo, asubuhi ile, alikuwa anazunguka ng'ombe aliyelala huku ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Inabidi niseme kidogo kuhusu babu, maana bila yeye tungekuwa tumefika saa tatu.

Alikuwa ameingia karibu miaka sabini, mrefu, mkavu, na masikio makubwa. Alipokuwa kijana Wabelgiji walimpeleka vitani, akafika Abisinia kupigana na Waitaliano, halafu akapelekwa hadi Misri. Hadithi zake za vita nilizipenda na sikuziamini. Nilikwenda maktaba ya chuo kuzipima kwenye ramani. Mito ilikuwa mahali pake, reli pia, na miji ilifuatana kama alivyosema. Lakini kulikuwa na simba mmoja aliyeingia kambini akala sabuni tu, akaenda zake na povu mdomoni. Simba huyo sikumpata kwenye kitabu chochote. Nilipomwambia, babu hakukasirika. Alisema waandishi wa vitabu walikuwa wamelala usiku ule.

Vita vilimwachia koti zito la rangi ya majani makavu, filimbi, Kilingala cha kambini, na tabia ya kuwahesabu watoto wake. Alikuwa na watoto kumi na mmoja. Kila jioni aliwaita kwa sauti, na kila mmoja alipaswa kujibu "Présent!", yaani nipo, hata baba yangu ambaye alikuwa na mvi na nyumba yake mwenyewe. Baba yangu alijibu kutoka ng'ambo ya bonde, mikono mdomoni. Majirani walizoea. Jambo ambalo hawakulizoea ni kwamba babu aliwabeba wajukuu mgongoni kwa kitenge, hadharani, kama mama yeyote, na koti lake la kijeshi juu yake. Mtoto alichungulia kwenye ukosi. Wanaume wenzake walipomcheka alisema Mwitaliano alikuwa mzito zaidi na hakunyamaza hata kidogo.

Basi. Ng'ombe alitoka upande wa juu wa Kabare, akalala usiku mmoja uani kwetu, akala mboga zote za nyanya yangu. Nyanya alimtazama asubuhi akasema, "Huyu kwanza alipe, kisha aolewe." Baba yangu na wazee wa ukoo walitangulia Nyantende alfajiri wakiwa na mitungi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ili kuwapooza wakwe. Kumleta ng'ombe kuliachwa kwa babu. Babu akamchukua baba mdogo kwa sababu ya mikono yake, na mimi kwa sababu ya Kifaransa changu, tukikutana na wakubwa njiani.

Kabla hatujatoka alitusimamisha wima mbele ya mlango na kusoma sheria ya safari. Ilikuwa moja tu.

"Ngombe ya bibi-harusi hapigwake. Hata na kifimbo. Hata na jani. Mwenye kupiga yeye, arudi nyumba."

"Papa, na akikataa kutembea?" baba mdogo aliuliza.

"Tutamuomba."

"Tutamuomba!"

"Weye ulimuomba huyu binti mwaka muzima. Ulimupiga?"

Baba mdogo akaenda kufungua kamba ya ng'ombe. Mimi nilibaki na maswali. Nilitaka kujua desturi hiyo ilitoka wapi, nani aliianzisha, na kama ng'ombe wa wajomba zangu nao walisafiri kwa heshima hiyo. Babu alijibu kwamba ndivyo ilivyo, jibu ambalo hunikera hadi leo. Baadaye niliwauliza wenzangu chuoni, Bashi kama mimi, watoto wa watu wenye mifugo. Mmoja alisema labda. Wengine walicheka: kwao ng'ombe wa mahari alichapwa kama ng'ombe yeyote, tena zaidi, kwa sababu watu walikuwa na haraka ya kunywa.

Tukateremka Kadutu.

Njia za Kadutu ni mwinuko wa udongo mwekundu, na ng'ombe hapendi kushuka. Akifika mahali penye mteremko anasimama, anatazama bonde, anakutazama wewe, kama anayeuliza nani alifikiria jambo hili. Babu alipata mbinu ya kutembea kinyumenyume mbele yake, ameshika majani ya viazi, akirudi hatua kwa hatua na kumwita kwa sauti ya chini. Ng'ombe akafuata. Walishuka hivyo wawili, uso kwa uso, yeye na koti lake, mwenzake na pembe zake, wakiyumba pamoja kila penye shimo.

Soko lilisimama.

"Eh muzee!" mama mmoja muuza ndizi alipiga kelele. "Hiyo rumba unachezaka na nani?"

"Bibi yako anajua?" akadakia mwingine.

"Ndiye alinituma!" babu akajibu bila kugeuka.

"Mushike kiuno basi!"

Na kicheko kikashuka mlimani pamoja nasi, kibanda kwa kibanda. Waliokuwa chini walianza kucheka kabla hawajaona kitu. Baba mdogo alitembea nyuma ya ng'ombe akiwa amefunika uso kwa kofia. Mimi nilikuwa nimepanga kuwa na aibu, nikashindwa. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Tulipotokea barabara kuu, tuliikuta imefagiliwa. Hakukuwa na gari, hakukuwa na mchuuzi, hakukuwa hata na kuku. Kando watoto wa shule walikuwa wamepangwa mistari miwili na vibendera. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kulikuwa na mkubwa wa Chama kutoka Kinshasa, na kwamba hata mimi nilipaswa kuwa pale kwenye mstari wa chuo, nikipiga makofi. Nilijisogeza nyuma ya ng'ombe.

Naye, aliyekuwa amebanwa na vichochoro maisha yake yote ya tangu jana, alipoona lami pana, safi, yenye joto, alipiga magoti ya mbele, halafu ya nyuma, akalala. Akaanza kucheua.

Tukawa tumefika kwenye lile swali.

Tulimwomba. Babu alimwomba kwa Kimashi, baba mdogo kwa Kiswahili, mimi nikajaribu Kifaransa, maana ndiyo kazi niliyoletewa. Tulimpa majani ya viazi akayala akiwa amelala. Tulivuta kamba, shingo ikarefuka, mwili ukabaki. Watoto wa shule walianza kutushangilia kwa vibendera vyao. Jua lilikuwa limekwisha kupanda juu ya ziwa, na baba mdogo alilitazama jua, akatazama kilima cha upande wa Nyantende, kisha akaenda kwenye ua wa mtu akavunja tawi la mkaratusi.

"Papa, moja tu. Ku miguu. Hatasikia."

"Weka chini."

"Batu ba Sange bako na camionnette!"

"Weka chini, mutoto yangu."

Hajaliweka chini wakaja wanajeshi. Walikuwa watatu, pamoja na sajini mmoja mnene aliyekuwa akitoka jasho ndani ya sare iliyopigwa pasi. Sajini hakuwa mtu wa kwetu. Alikuja na Kilingala cha mto, akafoka, "Mobange! Longola ngombe!" Yaani mzee, ondoa ng'ombe. Kisha, kwa Kiswahili alichookota hapa kwetu: "Mukubwa anapita! Toa nyama ku barabara!"

"Haiko nyama," babu akasema. "Ni bibi-harusi."

Sajini alifungua mkanda wake.

Nilikuwa na umri wa kuogopa wanajeshi kwa akili, na niliwaogopa. Niliandaa sentensi ya Kifaransa. Ilikuwa sentensi nzuri yenye haki za raia ndani yake, ila sikuifikisha kwenye kitenzi. Babu alipita mbele yangu akasimama kati ya mkanda na ng'ombe. Hakuinua mkono. Alifunga vifungo vya koti lake hadi juu, akaunganisha visigino, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, sauti iliyotoka mahali fulani nyuma ya mgongo wake:

"Telema!"

Alikuwa anamwambia ng'ombe asimame. Naapa alikuwa anamwambia ng'ombe. Lakini wale wanajeshi watatu, vijana wadogo ambao kazi yao yote ilikuwa kusikia sauti kama ile, waliruka wakasimama wima, vidole kwenye mishono ya suruali, macho mbele. Hata sajini mkanda ulimning'inia mkononi na kisigino chake kimoja kikapiga kingine.

Ng'ombe alicheua.

Watoto wa shule walilipuka kwa kicheko. Sajini akawageukia vijana wake, akamgeukia babu, akajitazama miguu, na mashavu yake yakaanza kutetemeka. Akacheka. Alicheka akishika goti. "Mobange," akasema, "hiyo Lingala ulitoa wapi? Hiyo ni ya babu yangu! Hata yeye alikuwa anatuamsha hivyo kwenda shamba!" Akamwomba aseme tena. Babu akasema tena. Vijana, ambao hakuna aliyewalegeza bado, wakakaza zaidi.

Sijui kama yangeishia kwenye kicheko. Sauti ya ngoma ilitufikia kutoka bondeni, na kikundi cha animation kikatokea kwenye kona: wanawake na wanaume wa Chama katika vitambaa vya kijani vyenye picha ya Rais kifuani na makalioni, wakiimba, wakitikisa viuno kwa ajili ya taifa. Nyuma yao zilifuata bendera, na nyuma ya bendera vikundi vyote vya mji.

Ng'ombe alisimamisha masikio. Akaacha kucheua. Akainuka, nyuma kwanza kisha mbele, na wacheza ngoma walipopita akageuza kichwa akawafuata.

Babu aliamini hadi kufa kwake kwamba ilikuwa amri yake, ila ilichelewa kumfikia kwa sababu ng'ombe alikuwa hajui Kilingala vizuri. Mimi naamini zilikuwa ngoma. Tulibishana juu ya jambo hilo kila Krismasi.

"Mushikilie kamba!" babu alisema. "Asirudi nyuma!"

Hakuna aliyeweza kurudi nyuma. Mbele yetu viuno, nyuma yetu bendera, na nyuma ya bendera chama cha wauza samaki wakitusukuma. Tulikuwa ndani ya gwaride. Siku zote nilikuwa nikitoroka gwaride la Chama kwa sababu za kifalsafa, na sasa nilikuwa nalipita katikati nikishika mkia.

Jukwaa lilikuwa limejengwa kwa mbao na majani ya migomba. Mkubwa wa Kinshasa alikaa katikati, na pembeni yake mkubwa wa zone, yaani tarafa yetu, ya Kadutu, katika abacost mpya, suti ya Chama isiyo na tai, iliyombana shingo. Kila zone ilikuwa ikitangazwa na zawadi zake: mbuzi, vikapu vya samaki wadogo, magunia ya maharage. Kadutu, ilionekana, ilikuwa na vikapu viwili vya nyanya. Niliona macho ya mkubwa wa Kadutu yakitua juu ya ng'ombe wetu. Nilimwona akimnong'oneza mtangazaji.

Kipaza sauti kikakohoa. "Na sasa! Zone ya Kadutu! Inatoa kwa mugeni wetu... ngombe!"

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mbuzi wote. Mkubwa wa Kinshasa alisimama. Baba mdogo akaniambia, kwa sauti ndogo sana, "Nimekwisha kuachwa."

Na ilikuwa kweli. Nani angepanda mbele ya watu wote, siku ile, amwambie mgeni wa Chama kwamba ng'ombe si wake? Watu waliwahi kupotea kwa maneno machache kuliko hayo. Nilimtazama babu nikitafuta hofu usoni mwake. Sikuipata. Nilipata uso wa mtu anayejaribu kukumbuka kanuni.

Alipuliza filimbi. "Kichwa ku kuume!" akaamuru. Tukageuza vichwa kuelekea jukwaani, babu akapiga saluti ambayo ingeweza kukata mkate, na tukaendelea kutembea. Tulitembea mbele ya jukwaa, tukamaliza jukwaa, tukaacha jukwaa. Katika gwaride hakuna anayesimama mbele ya wakubwa, unasalimu unapita. Babu alikuwa amefundishwa hivyo kwa miaka na hakuona sababu ya kubadilisha siku ile.

"Citoyen!" kikapiga kelele kipaza sauti, maana enzi zile sote tuliitwa raia. "Citoyen wa ngombe! Leta huku!"

"Wanakuita, koko!" nikasema, jina letu la babu na la nyanya pia.

"Sikio hili lilikufa Abisinia."

"Ni lile lingine!"

"Yote mbili yalikuwa pamoja."

Wauza samaki walitufunika nyuma. Mbele, kwenye kizuizi cha kamba, alisimama sajini yule mnene. Alituona, akasikia kipaza sauti, akatazama mkia mkononi mwangu. Halafu, taratibu sana, akashusha kamba chini na kugeukia upande wa ziwa kama mtu aliyeitwa na mawimbi. Babu alimpigia saluti ya mgongoni. Tulivuka, tukapinda kushoto nyuma ya ukuta wa shule, na hapo babu akapandisha pindo la koti.

"Mbio!"

Sikujua ng'ombe anaweza kukimbia hivyo. Sikujua babu anaweza. Tulipita vibanda vya mwisho vya mji, tukapita Panzi ambako wakati ule kulikuwa mashamba matupu, ng'ombe mbele na sisi tukining'inia kwenye kamba, watoto wakitukimbiza wakiimba wimbo wa Chama kwa maneno machafu. Baba mdogo alikuwa akilia na kucheka kwa zamu. Hewa ilininyima nafasi ya kuuliza chochote, na nafikiri ndiyo saa pekee ya ujana wangu niliyomaliza bila swali.

Tulipunguza mwendo tuliposikia kengele ya baiskeli. Alikuwa karani wa zone, kijana mwembamba katika abacost, jasho likimtiririka, amepiga pedali mlima wote.

"Simameni! Hiyo ngombe iko ya zone!"

"Karibu," babu akasema. "Umekula?"

Swali hilo lilimchanganya. Alishuka kwenye baiskeli ili alifikirie.

"Muzee, mukubwa amenituma. Amesema nirudi na ngombe ama nisirudi."

"Basi usirudi. Leo tunaoa. Ulisikia mimi nikisema ni zawadi?"

"Kipaza sauti kilisema."

"Kipaza sauti hakikumununua. Tazama huyu." Alimsukuma mbele baba mdogo, ambaye alikuwa na kamasi, vumbi, na jani la mkaratusi kwenye nywele. "Huyu jua likishuka bila ngombe, anakosa bibi. Weye uko na bibi?"

"Hapana," karani akasema. "Nilikataliwa. Mwezi uliopita." Na kabla hatujajua, alikuwa anatueleza yote, huku akisukuma baiskeli pembeni mwa ng'ombe. Baba ya msichana alisema karani hana hata mbuzi. Alitueleza hadi tukaona migomba ya Nyantende.

Jua lilikuwa juu ya vichwa vyetu, linaanza kufikiria kuegama. Kwenye ua wa mkwe wazee wake walikuwa wamekaa kwenye viti vidogo, mmoja ameshachukua fimbo yake aondoke. Baba yangu alikuwa amesimama katikati, amemaliza hadithi zote anazozijua, na nilisikia kwamba alikuwa ameanza kuwaelezea Biblia. Alipotuona akapiga kelele "Présent!" bila kuitwa.

Baba wa msichana aliinuka. Alimtazama karani. "Huyu mutu wa Chama ni nani?"

"Shahidi," babu akasema. "Anakuja kuona kama tunasema ukweli."

Wazee wakakaa tena, wima kidogo zaidi. Baba wa msichana akamzunguka ng'ombe. Alimfungua mdomo, akamtazama kwato, akampapasa mgongo kutoka shingoni hadi mkiani, akapapasa tena akirudi. Kisha akamtazama babu.

"Mumetoka Kadutu na huyu, na hamukumupiga?"

"Hatukumupiga."

"Hata fimbo moja?"

"Hata moja."

Akatikisa kichwa na kuanza kucheka. "Muzee, mimi zangu nazipigaka kutoka hapa mpaka ku mutoni. Zingine hazisikii bila fimbo." Nilimgeukia babu kwa ushindi, maana huyu alikuwa Mshi wa mashamba, mwenye zizi, na hakuijua ile desturi. Babu alikuwa anatazama kwingine. Alikuwa anatazama mlango wa nyumba. Kutoka ndani, mtu aliyekuwa akisikiliza kila neno, na aliyeagizwa bila shaka anyamaze, alishindwa kujizuia, na kicheko kile kikubwa kikatokea uani kikatupita wote. Baba mdogo alikaa chini kwenye matope palepale.

Tulikunywa. Karani alikunywa kuliko sisi, akatoa hotuba nzuri sana kwa niaba ya Chama akiwapongeza wakwe, akalala chini ya mgomba. Asubuhi alirudi mjini akiwa na hofu, akakuta mgeni wa Kinshasa ameondoka kwa ndege jioni ileile, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kuuliza ng'ombe angekaa kiti gani. Mkubwa wa Kadutu hakutaja jambo hilo tena. Alikuwa amekwisha kupigiwa makofi.

Babu aliishi hadi akawabeba mgongoni watoto watatu wa kicheko kile. Niliendelea kumwuliza kuhusu fimbo. Niliuliza nikiwa mwalimu, nikauliza nikiwa na mume, kila mara akisema ndivyo ilivyo.

Nchi ilikuwa imekwisha kubadilisha jina tena, na babu amelala kaburini kwa miaka mingi, nilipomwuliza nyanya. Alikuwa anachambua maharage, haoni vizuri, anayatambua kwa vidole. Nilisema: koko, ile desturi ya ng'ombe wa mahari kutopigwa, ni ya ukoo gani hasa?

"Desturi gani?" akasema. "Haikukuwa desturi. Ilikuwa yake."

Aliendelea kuchambua kidogo.

"Ngombe ya mahari yangu mie, ndugu zake ndio walileta. Walimupigaka tangu kwabo mpaka kwetu. Ilifika na damu ku mugongo. Baba yangu akaipanguza na majani ya mugomba, akanitazama. Koko yako hakukuwa pale. Alikuwa ku vita. Siku alirudi, nikamuambia."